Kilemba cha Ukoka: Muuguzi wa Vita katika Maandishi ya Wanawake Wanne

Mtu apewaye sifa isiyomfaa kitu husemwa kwamba amevikwa kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani: asubuhi hupendeza kichwani, jua likipanda hunyauka, na jioni aliyevikwa hurudi nyumbani kichwa wazi. Katika habari za vita vya Ulaya ni vigumu kupata watu waliovikwa kilemba hicho mara nyingi kuliko wanawake waliouguza majeruhi. Waliitwa malaika, waliitwa mama na dada, walichorwa wakiwa na taa mkononi au wamepiga magoti kando ya kitanda. Walakini kwa muda mrefu wengi wao hawakupewa cheo kamili cha kijeshi, ujira wao ulikuwa haba, na baadhi yao walipotaka kusimulia waliyoyaona walizuiwa.

Shabaha ya insha hii ni kuvipima vitabu vinne vilivyoandikwa na wanawake walioifanya kazi yenyewe: kitabu cha safari cha Mary Seacole kilichotolewa mwaka 1857, The Backwash of War cha Ellen La Motte, 1916, The Forbidden Zone cha Mary Borden, 1929, na Testament of Youth cha Vera Brittain, 1933. Swali linaloulizwa juu ya kila kimoja ni moja: mwandishi amekifanya nini kilemba alichovikwa? Yuko aliyekipokea na kukitumia, yuko aliyekitupa chini, na yuko aliyetumia miaka mingi kukivua jani moja moja.

Kwanza yafaa kulitazama neno lenyewe. Katika Kiswahili kuugua ni kupatwa na ugonjwa, na kuuguza ni kumtunza mgonjwa. Kitenzi hiki hakichagui mwanamume wala mwanamke. Mke humwuguza mume, mume humwuguza mke, mtoto humwuguza baba yake mzee, na jirani humwuguza jirani asiye na jamaa. Neno la Kiingereza lililotuzalia nesi lina asili nyingine. Shina lake ni kunyonyesha na kulisha, na kwa karne nyingi lilitumika kwa mwanamke aliyeajiriwa kumnyonyesha mtoto wa mwenziwe. Cheo cha sista nacho kilitoka katika nyumba za watawa. Basi mwanamke aliyeingia katika hospitali ya vita kwa majina haya aliingia na mizigo miwili: mmoja ulimtaka awe mama, wa pili ulimtaka awe mtawa. Mama halipwi kwa kunyonyesha, na mtawa ameapa kuishi maskini. Aliyetaka kuwa fundi tu, avijuaye vidonda kama seremala azijuavyo mbao, hakukuta jina lililokuwa likimngoja.

Habari ya malaika ilienea hasa wakati wa Vita vya Krimea, vilivyopiganwa tangu 1853 hata 1856. Florence Nightingale aliwasili Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, mwezi wa Novemba 1854 pamoja na wanawake 38. Magazeti ya London yalimpa taa, na mshairi wa Kimarekani Longfellow alimtungia shairi mwaka 1857. Lakini taa ilikuwa sehemu ndogo ya kazi yake. Askari wa Scutari walikuwa wakifa kwa kuhara, homa na kipindupindu kuliko kwa risasi, na mwezi wa Februari 1855 vifo vilikaribia 42 katika kila wagonjwa 100. Vilipungua sana baada ya mwezi wa Machi, tume ya afya ilipokuja ikasafisha mifereji ya uchafu na kuingiza hewa vyumbani. Baada ya vita Nightingale alitumia miaka mingi kuvihesabu vifo hivyo na kuvionyesha kwa michoro, ili serikali ione kwa macho gharama ya uzembe. Alikuwa mtu wa hesabu, wa barua na wa amri. Watu walipenda zaidi kumkumbuka kama kivuli kinachopita ukutani.

Yeye mwenyewe aliijua hatari ya sifa hizo. Katika kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotolewa mwaka 1859, anaikejeli dhana kwamba mwanamke aliyevunjwa moyo katika mapenzi, au asiyefaa kwa kazi nyingine, basi amekwisha kuwa muuguzi mwema. Hata hivyo katika kitabu hicho hicho anasema kwamba karibu kila mwanamke hufika wakati wa kubebeshwa afya ya mtu mwingine, na kwa maana hiyo kila mwanamke ni muuguzi. Mawazo haya mawili hayakai pamoja kwa amani. La kwanza linadai mafunzo. La pili linaifanya kazi iwe ya mwanamke kwa kuzaliwa kwake. Waliokuja nyuma yake waliurithi mvutano huo, na maandishi yao yamejaa alama zake.

Mary Seacole alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805. Baba yake alikuwa askari kutoka Scotland. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi, mganga mwenye nyumba ya wageni, na kwake ndiko binti alikojifunza dawa. Kabla ya kwenda Krimea alikuwa amekwisha kuwatibu wagonjwa wa kipindupindu huko Panama, ujuzi ambao wanawake wengi wa Uingereza waliotaka kwenda vitani hawakuwa nao. Alipofika London mwaka 1854 na kuomba apelekwe, alikataliwa hapa na pale. Katika kitabu chake anasimulia jinsi alivyosimama barabarani usiku, machozi yakimtoka, akijiuliza kama ni rangi ya ngozi yake iliyofunga milango. Baadaye alikwenda kwa fedha zake, na mwaka 1855 alifungua karibu na Balaklava nyumba ya chakula na dawa, ambako aliwahudumia askari wagonjwa na wazima. Vita vilipokwisha ghafula alibaki na bidhaa zisizonunuliwa na madeni. Mwaka 1856 alitangazwa kuwa amefilisika, na kitabu kiliandikwa mwaka uliofuata ili kimsaidie kuinuka.

Hali hiyo yaeleza sauti ya kitabu. Seacole huandika kwa uchangamfu, hujifanyia mzaha mwenyewe, na huwaita askari wanawe, nao humwita mama. Msomaji wa haraka ataona hapo furaha tupu. Msomaji makini ataona kwamba umama ndio uliokuwa hati yake ya kupitia. Mwanamke mweusi mwenye umri wa karibu miaka 50, asiye na mume, mfanya biashara katikati ya maelfu ya wanaume, alikuwa rahisi kushukiwa. Nightingale mwenyewe alimshuku katika barua ya faragha ya mwaka 1870. Kwa kujiita mama Seacole aliziba midomo ya washukiwao na washukuo pamoja. Msomaji wa Kiswahili anaweza kukiweka kitabu hiki kando ya Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake. Nchi ni mbili na dini ni mbili, lakini kila mmoja alipata ruhusa ya kusema kwa kuwa alisema kama mama. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alikuwa mzazi wa kweli wa yule aliyemwusia. Seacole alikuwa mama wa jeshi kwa sababu jeshi halikumtaka kwa jina jingine.

Je, hili ni kosa la kitabu? Kwa sehemu ni kosa. Palipo na kidonda cha mwandishi mwenyewe, kicheko huja upesi mno kukifunika. Swali la rangi, lililo zito kuliko yote, hupewa nafasi ndogo kisha safari huendelea. Lakini hata kilemba cha ukoka chaweza kutumiwa na mwenye akili. Seacole alikipokea, akakivaa mbele ya watu, na chini yake akapitisha habari ambazo zisingepita wazi: kwamba alijua dawa, kwamba aliomba kazi, na kwamba alinyimwa.

Ellen La Motte alikuwa mtu wa namna nyingine. Alifunzwa uuguzi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akawa bingwa wa kuwauguza wenye kifua kikuu, na mwaka 1915 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Alipokwenda Ubelgiji kufanya kazi katika hospitali iliyolihudumia jeshi la Kifaransa karibu na mstari wa vita, hakwenda kutafuta utakatifu. Alikwenda kama fundi. The Backwash of War kilitokea mwaka 1916. Kilizuiwa Uingereza na Ufaransa, na baada ya Marekani kuingia vitani kiliondolewa sokoni huko nako mwaka 1918. Kilichapishwa tena mwaka 1934.

Sababu ya kuogopwa kwake yaonekana katika hadithi ya kwanza. Askari amejipiga risasi kinywani akitaka kufa, asife. Analetwa hospitalini akipiga kelele na kutukana. Madaktari na wauguzi wanapewa kazi ya kumponya kwa uangalifu wote, ili apate nguvu ya kusimama mbele ya mahakama ya kijeshi na kupigwa risasi kwa kosa la kutoroka vita. La Motte hatii chumvi. Anaeleza bendeji, dawa ya usingizi, usiku na gharama, kisha anauacha upuuzi ujieleze wenyewe. Hapo malaika hana mahali pa kusimama. Ikiwa kuponya ni kuandaa mtu kwa kifo, basi mkono mpole wa mwanamke ni chombo kimoja katika vyombo vya vita, kama bunduki na machela.

Katika sehemu nyingine anaigusa moja kwa moja habari ya wanaume na wanawake. Sheria ya eneo la vita, anasema, iliwakataza wake wa askari wasifike, kwa kuwa mke huleta habari za nyumbani na kumlegeza mtu moyo. Lakini wanawake wengine walipatikana, wala hakuna aliyewakataza. Majeruhi humwonyesha muuguzi picha ya mkewe aliyebaki kijijini, huku wote wakijua yanayotendeka katika vijiji vya nyuma ya mstari. Mke ni picha mfukoni, mwanamke wa kijijini ni kitu cha kutumiwa, na muuguzi ni mikono. La Motte ameona kwamba majina haya matatu yanategemeana: heshima ya mmoja hulipwa kwa fedheha ya mwingine.

Yawezekana kumlaumu mwandishi huyu kwa ukavu wa moyo. Wagonjwa wake mara nyingi hawana uzuri: wananuka, wanapiga mayowe, wengine walikuwa watu wabaya kabla ya kujeruhiwa. Katika hadithi moja kinyozi wa Paris anarudishiwa mwanawe akiwa hana mikono, hana miguu, wala macho, na matabibu wanajivunia ustadi wao. Kijana haombi ila afe. Huruma ya mwandishi haisemwi popote kwa neno. Lakini lawama hiyo yenyewe yafaa ipimwe. Daktari mwanamume akiandika hivyo husifiwa kwa ukweli wake. Mwanamke akiandika hivyo huulizwa moyo wake uko wapi. Ukavu wa La Motte ni kukataa kutoa machozi yaliyoagizwa. Kosa lake halisi ni jingine: ghadhabu yake haipumziki, na baada ya hadithi kadhaa msomaji huanza kujua mapema pigo litatoka upande gani.

Hospitali aliyofanya kazi La Motte ilianzishwa mwaka 1915 kwa mali ya Mary Borden, mwanamke tajiri aliyezaliwa Chicago mwaka 1886. Basi vitabu viwili vimetoka chini ya paa moja, kimoja katikati ya vita na kingine miaka 11 baada ya vita kwisha, nacho ni The Forbidden Zone. Kuvisoma pamoja ni elimu kubwa kwa mwanafunzi wa fasihi. La Motte hukata kama kisu. Borden hurudia maneno na kuyazungusha kama mtu aliyekesha siku tatu, ambaye fikira zake haziendi mbele. Katika kipande kimoja askari wanafananishwa na nguo: hupelekwa wakachafuke na kuchanika, hurudishwa wakashonwa, hupelekwa tena, mpaka hazishoneki na kutupwa ardhini. Mfano huu umetoka katika kazi za nyumbani za mwanamke. Ubora wake ni huo. Borden amechukua kile kilichosemwa kuwa ni tabia njema ya wanawake, yaani kushona na kutengeneza, akaonyesha jinsi vita vilivyokigeuza kuwa kiwanda.

Kuna mahali anaposema jambo ambalo waandishi wa sifa hawakulitazamia. Katika wodi ile, anasema, hakuna tena wanaume; kuna magoti, mapaja, matumbo na vichwa vilivyovunjika. Na ikiwa wanaume hawapo, kwa nini yeye awe mwanamke? Haya si maneno ya kiburi wala ya kutaka kuwa mwanamume. Ni taarifa ya mtu anayeeleza bei ya kazi. Jamii ilimpeleka kule kwa hoja kwamba uanamke wake utawaponya majeruhi; yeye anajibu kwamba kazi yenyewe haikuwezekana mpaka uanamke huo uwekwe kando. Malaika, mama na dada wote watatu wamefutwa kwa swali moja.

Dhaifu ya Borden iko karibu na nguvu yake. Mapigo ya lugha yake mara nyingine huvuta macho yabaki kwenye lugha, na maumivu ya majeruhi huwa pambo la usiku wa mbalamwezi. Tena, mamlaka aliyokuwa nayo ilitoka katika mali yake. Muuguzi wa mshahara asingeweza kuanzisha hospitali, wala kusikilizwa na majemadari. Kitabu hakisemi mengi juu ya jambo hilo, na msomaji hana budi kulisema kwa niaba yake.

Vera Brittain, aliyezaliwa mwaka 1893, aliyaacha masomo yake Oxford mwaka 1915 akajiunga na wasaidizi wa kujitolea wa hospitali. Hawa walikuwa wasichana wa nyumba zenye uwezo, waliofunzwa kwa muda mfupi, na ujira wao ulianzia pauni 20 kwa mwaka. Mchumba wake aliuawa Desemba 1915. Ndugu yake wa pekee aliuawa Italia mwezi wa Juni 1918. Yeye mwenyewe alihudumu London, Malta, na Étaples katika Ufaransa, ambako aliwauguza pia majeruhi wa Kijerumani waliotekwa. Testament of Youth kilipokelewa kwa hamu kubwa mwaka 1933 na hakijaacha kusomwa tangu hapo.

Sehemu mbili za kitabu hiki zinastahili kutazamwa kwa makini. Ya kwanza ni habari ya miili. Msichana wa daraja yake alilelewa asijue mwili wa mwanamume ulivyo. Vita vilimtia mikononi miili mia iliyo uchi na iliyovunjika. Brittain anaandika bila haya ya uongo kwamba kuiosha na kuifunga miili ile kulimwondolea ujinga na woga, kukamfanya aiheshimu. Malezi yaliyodai kumlinda yalikuwa yamemnyima elimu, na elimu hiyo alipewa na watu waliokuwa wakifa.

Ya pili ni habari ya kurudishwa nyumbani. Mwaka 1918, wakati Wajerumani walipokuwa wakishambulia na hospitali ya Étaples imefurika majeruhi, baba yake alimwandikia kwamba mama yake ni mgonjwa na wajibu wake ni kurudi. Alirudi. Hapo ndipo kitabu kinapofika kiini cha jambo. Hakuna baba ambaye angemwandikia mwanawe aliye katika handaki aje aangalie nyumba. Na kama angemwandikia, jeshi lisingemwachilia. Kazi ya kijana ilikuwa ni vita. Kazi ya binti, hata akisimama katikati ya majeruhi 40, ilihesabika kuwa ni ruhusa iliyotolewa na wazazi, na ruhusa hurudishwa. Hakuna hotuba iwezayo kueleza daraja ya mwanamke katika vita vile kwa uwazi kuliko barua hiyo.

Pamoja na hayo kitabu kina upofu wake. Wauguzi waliosomea kazi, ambao wengi walitoka katika nyumba za kawaida na waliitegemea kazi kwa maisha yao yote, huonekana ndani yake aghalabu kama wasimamizi wakali na wenye wivu. Lakini walikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Kila sifa iliyomwagwa kwa msichana wa kujitolea ilisema kimyakimya kwamba kazi yao haihitaji mafunzo, na kwamba moyo mwema watosha. Ndio maana walipigania daftari la serikali la wauguzi waliofuzu, wakalipata katika Uingereza kwa sheria ya mwaka 1919. Brittain, aliyeona sana dhuluma ya wanaume juu ya wanawake, hakuona sawasawa dhuluma ya daraja moja ya wanawake juu ya nyingine.

Ikiwa vitabu hivi vina makosa, kuna haja ya kuvilinganisha na vya wanaume ili uzito wake ujulikane. Katika mwaka ule ule wa kitabu cha Borden, yaani 1929, Hemingway alitoa riwaya yake ya vita vya Italia, A Farewell to Arms. Muuguzi wake, Catherine Barkley, ni msichana wa kujitolea aliyefiwa na mchumba, kama Brittain. Lakini zamu yake ya usiku hutajwa zaidi kwa kuwa ni nafasi ya kukutana na mpenzi wake. Vidonda vya wagonjwa wengine havimo mawazoni mwake, na mwisho hufa katika uzazi. Riwaya ni kubwa kwa sanaa yake, ila kazi ya muuguzi haimo ndani yake. Kwa upande mwingine Walt Whitman, aliyewahudumia majeruhi katika hospitali za Washington wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ameonyesha katika mashairi yake ya 1865 kwamba mwanamume aweza kuwa na upole wote ule uliodaiwa kuwa ni mali ya wanawake. Wala sheria hazikumfuata Whitman. Daftari la Uingereza la 1919 liliwatenga wauguzi wanaume katika sehemu yao mbali mpaka mwaka 1949, na jeshi la Marekani halikumpa mwanamume kamisheni katika kikosi chake cha wauguzi hata 1955. Sifa iliyomfunga mwanamke ndani ilimfungia mwanamume nje.

Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake katika shauri hili. Katika vita vya 1914 hata 1918 wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maelfu, na walio wengi waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na malaria kuliko silaha. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mwaka 1917 iliundwa katika Uganda jamii ya askari wa utabibu wa Kiafrika, vijana wanaume waliotoka shuleni, wakafunzwa kufunga vidonda na kuwaangalia wagonjwa. Serikali iliyosema huko kwao kwamba kuuguza ni maumbile ya mwanamke iliikabidhi kazi hiyo hiyo huku kwa wanaume, wala haikusemwa kwamba maumbile yamevunjwa. Wala vijana hao hawakuitwa malaika. Maumbile gani hayo yanayobadilika meli ikifika bandarini? Hapana shaka yaliyoitwa maumbile yalikuwa ni mpango wa kazi: nani apatikane, kwa bei gani, na kwa jina gani.

Na kwa wale wasemao kwamba vita ni mali ya apigaye risasi, kwa hiyo muuguzi hana la kusimulia, kuna habari ya meli Khedive Ismail. Ilitoka Kilindini, Mombasa, mwezi wa Februari 1944 kuelekea Colombo, na tarehe 12 ya mwezi huo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297. Miongoni mwao walikuwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, na wanawake 77, wengi wao wauguzi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Bahari haikuwapanga waliokufa kwa daraja ya wapiganaji na wasio wapiganaji, wala ya wanaume na wanawake. Ni kalamu za waliobaki nchi kavu zinazowapanga hivyo.

Katika vitabu vinne vilivyopimwa hapa, cha Brittain ni kipana kuliko vyote, cha Seacole ni chenye werevu, cha Borden ni chenye sanaa, na cha La Motte ni chenye ukweli usio na woga. Ikimlazimu mwanafunzi kuchagua kimoja tu, na achague cha La Motte, kwa kuwa ndicho kinachofundisha kusoma vingine. Akishakisoma, kila akutanapo na neno malaika atauliza: mtu huyu alilipwa kiasi gani, alilala saa ngapi, alifunzwa na nani, na alipotaka kusema aliambiwa nini?

Maswali hayo yafaa pia yaulizwe katika Kiswahili. Tenzi zimehifadhi vita vya pwani na vya bara, na zimewapa wapiganaji nafasi kubwa, kama ilivyo desturi ya tungo za vita duniani kote. Waliofunga vidonda, waliochemsha maji na waliomshika mkono mtu akikata roho, wanaume kwa wanawake, hawana tungo nyingi kiasi hicho. Lugha ambayo kitenzi chake cha kuuguza hakikumchagua mwanamke wala mwanamume imekwisha kuwa na neno la haki. Kilichobaki ni waandishi kulitumia, na kumpa muuguzi jina la kazi yake pamoja na habari za kazi yenyewe.